Peter Scott: Mmishenari aliyefanya kazi Ukambani kwa siku 358

MJINI Machakos kuna chuo kikuu kinachoitwa Scott. Jina hilo limo katika vyeti vya wachungaji na walimu waliotawanyika kote nchini, na vijana wanaosoma humo hulitaja kila siku. Hata hivyo, si wengi wanaoweza kueleza Scott mwenyewe alikuwa nani, alitoka wapi, wala alikufaje. Wapo wanaomchanganya na yule mpelelezi Mwingereza aliyefia kwenye barafu ya ncha ya kusini ya dunia.

Scott wa Machakos hakufika huko. Peter Cameron Scott aliingia katika nchi ya Wakamba, mahali paitwapo Nzaui, Desemba 12, 1895. Akafia papo hapo Desemba 4, 1896, zikiwa zimesalia siku nane pekee kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Nzaui sasa imo katika kaunti ya Makueni. Lakini hadi mwaka wa 1992 eneo hilo lote lilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na historia ya mmoja haiwezi kutengwa na ya mwenzake.

Scott alizaliwa Glasgow, Scotland, Machi 7, 1867. Mwaka wa 1879, alipokuwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walihamia Marekani na kuweka makao mjini Philadelphia. Huko ikabainika kwamba kijana huyo alijaliwa sauti ya kuimba isiyo ya kawaida, na mawazo yake yote yakaelekea jukwaani. Wazazi, waliokuwa watu wa dini wenye msimamo, hawakutaka kabisa kusikia habari za mwana wao kuwa mwimbaji wa majumba ya starehe.

Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akipanda ngazi za jumba la opera ili kuomba nafasi miongoni mwa waimbaji, akasita, akageuka na kushuka. Masimulizi ya aina hii nayapokea kwa tahadhari, kwani wasifu wa wamishenari aghalabu hupambwa baada ya mazishi. La hakika ni kwamba aliuacha muziki, akajiunga na chuo cha kuwaandaa wamishenari jijini New York kilichoanzishwa na mhubiri A. B. Simpson, na mwaka wa 1890 akaabiri meli kuelekea Kongo.

Kongo ya wakati huo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na kwa mgeni kutoka Ulaya au Marekani ilikuwa makaburi. Ndugu yake, John, alimfuata huko. Baada ya miezi michache tu John alifariki. Hapakuwa na fundi wala mchungaji karibu, hivyo Peter alilichonga jeneza kwa mikono yake, akachimba kaburi na kumzika nduguye mwenyewe. Muda si muda naye akadhoofishwa na homa, na mwaka wa 1892 akarejeshwa Uingereza akiwa mgonjwa.

Akiwa London alifika katika kanisa la Westminster Abbey na kupiga magoti penye kaburi la David Livingstone. Wasomaji watakumbuka kwamba Livingstone alifia katika nchi ambayo sasa ni Zambia mwaka wa 1873, moyo wake ukazikwa huko huko chini ya mti, na maiti yake ikabebwa hadi pwani ya Bagamoyo na Waafrika waliokuwa naye, akina Susi na Chuma. Kwenye jiwe la kaburi hilo yamechongwa maneno ya Injili ya Yohana kuhusu kondoo ambao hawajaletwa zizini. Scott aliyasoma, na wote walioandika habari zake wanakubaliana kwamba hapo ndipo alipoamua kurudi Afrika.

Safari hii alikuwa na mpango. Aliona kwamba wamishenari wengi walijazana pwani ilhali bara lilibaki bila mtu. Alitaka kuanzisha vituo vilivyofuatana mithili ya shanga katika uzi, kuanzia Mombasa hadi Ziwa Chad, ili kuzuia Uislamu usienee kuelekea kusini. Msomaji wa leo, hasa aliyelelewa pwani ambako misikiti na makanisa vimekuwa majirani kwa muda mrefu, huenda akakunja uso. Lakini ndivyo Wakristo wengi wa Ulaya na Marekani walivyoitazama Afrika katika miaka hiyo: uwanja wa mbio, ambapo anayechelewa hushindwa.

Shirika la Africa Inland Mission, linalojulikana kwa ufupi kama AIM, liliundwa Philadelphia mwaka wa 1895 kwa ajili ya mpango huo. Sharti lake lilikuwa gumu. Hakuna mmishenari aliyeahidiwa mshahara, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda huku na huko akiomba fedha. Kilichopatikana kiligawanywa. Kisipopatikana, watu walivumilia.

Agosti 17, 1895, watu wanane waling'oa nanga New York. Walikuwa Scott mwenyewe, dada yake Margaret, Willis Hotchkiss, Frederick Krieger, Lester Severn, Walter Wilson, Minnie Lindberg na Bertha Reckling. Walifika Mombasa Oktoba.

Walikuta nchi inayotetemeka. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza himaya yake Afrika Mashariki Julai 1 mwaka huo huo, baada ya kampuni ya IBEA kushindwa. Ukanda wa pwani ulikuwa katika vita, Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui akipigana na Waingereza. Mwezi wa Novemba, katika bonde la Kedong, Wamaasai waliushambulia msafara mkubwa wa Waswahili na Wakikuyu na kuua mamia ya watu. Reli haikuwapo bado, maana ujenzi wake ulianza mwaka uliofuata.

Aliyetaka kwenda bara, basi, alitembea. Mizigo ilibebwa na wapagazi, kila mmoja na furushi lake la kilo 30 hivi kichwani au begani, kupitia nyika ya Taru ambako maji ni ya kubahatisha. Ninasikitika kwamba majina ya wapagazi hao hayakutunzwa. Misumari, dawa, vitabu na vyungu vyote vya misheni ya Nzaui vilifika kwa shingo za watu hao, lakini vitabu vya AIM vinawataja kwa idadi tu, kana kwamba walikuwa punda.

Nzaui si mahali pa kawaida. Ni mlima wenye jabali linaloonekana kutoka mbali sana, na katika mapokeo ya Wakamba ndipo Mulungu alipowashusha watu wa kwanza, ambao nyayo zao husemekana zimebaki juu ya mwamba. Kwa hiyo Scott alipiga hema lake, pengine bila kufahamu, mlangoni pa chimbuko la taifa zima. Wenyeji hawakuhitaji kufunzwa kwamba yupo Muumba. Walichotaka kujua ni kwa nini wageni hawa hawakununua pembe za ndovu.

Swali hilo lilikuwa la haki. Wakamba walikuwa wafanyabiashara hodari ambao misafara yao ilifika pwani miaka mingi kabla ya Mzungu yeyote kupita njia hiyo. Ludwig Krapf alipoingia Ukambani mwaka wa 1849, alipokewa na mfanyabiashara mashuhuri, Kivoi wa Kitui. Mgeni asiyeuza wala kununua, tena asiyekuwa askari wa serikali, alikuwa fumbo.

Na askari hawakuwa mbali. Machakos ndiyo iliyokuwa makao ya utawala ya Ukambani, penye ngome iliyoanzishwa na IBEA mwaka wa 1889 na ambayo tangu 1892 ilisimamiwa na John Ainsworth. Karibu na hapo, kwenye vilima vya Iveti, familia ya Stuart Watt ilikuwa imejenga kituo chake Ngelani na kupanda miti ya matunda. Scott na wenzake walikuwa na majirani, ila majirani wa mwendo wa siku kadhaa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari nilipata kufanya kazi likizo moja ya Desemba katika misheni ndogo ya kanisa huko milima ya Machakos. Sitaitaja jina. Nilikwenda nikidhani nitawafunza watoto kusoma, nikawa nategemea kusifiwa. Kumbe kazi yangu ilikuwa kuosha chupa za dawa, kupasua kuni, kuteka maji mara tatu kwa siku na kuwapanga kina mama waliokuja kabla ya jua kuchomoza na watoto wenye homa. Jioni nilikuwa nimechoka hata sikumbuki kama nilisali. Niliposoma baadaye habari za mwaka wa kwanza wa Nzaui, nilielewa jambo ambalo vitabu hulipitia haraka: misheni, kabla ya kuwa mahubiri, ni kazi za nyumbani.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyumba. Scott alipenda kupima na kuchora, na aliongoza ujenzi yeye mwenyewe. Miti ilikatwa na kusimikwa, udongo ukakandikwa, nyasi zikaezekwa. Waliosaidia walilipwa kwa kitambaa, shanga na waya wa shaba, kwa sababu sarafu ya rupia ilikuwa bado haijazoeleka bara. Waya huo haukuwa pambo la kuhadaa watu, kama wengine wanavyodhani. Mafundi wa Kikamba waliugeuza kuwa mikufu myembamba iliyosifika kote na kuuzwa kwa faida. Kwa kweli, katika biashara hiyo ni Mkamba aliyejua thamani ya alichopewa kuliko aliyempa.

Asubuhi ilikuwa ya wagonjwa. Katika kundi hilo hakuna aliyekuwa na hospitali nyuma yake. Walikuwa na sanduku la dawa, bendeji na maji ya moto. Vidonda vya miguu, macho yenye usaha na homa vilitibiwa barazani. Watu waliokataa kuja kusikiliza Injili hawakukataa kuja kuoshwa kidonda, na wamishenari walilifahamu hilo vyema. Kama huo ulikuwa ukarimu mtupu au chambo, nadhani ulikuwa yote mawili, na mgonjwa aliyepona hakujali.

Baada ya hapo kulikuwa na shule, ikiwa mtu angethubutu kuiita hivyo. Watoto wa Kikamba walikuwa na mbuzi wa kuchunga na ndege wa kufukuza mashambani, na mzazi hakuona faida ya mtoto kukaa akitazama alama kwenye kibao. Walikuja leo, kesho hawakuonekana. Mvua ilipokaribia, wote walikuwa shambani na mama zao.

Wakati wote huo wageni wenyewe walikuwa wanafunzi. Krapf alikuwa amekusanya msamiati wa Kikamba na kutafsiri Injili ya Marko katika lugha hiyo mwaka wa 1850, lakini lugha haiingii kichwani kwa kusoma orodha. Walizunguka wakiuliza hiki ni nini na kile ni nini, wakichekwa kwa matamshi yao.

Willis Hotchkiss alipata kusimulia jinsi alivyotafuta neno la Kikamba la mwokozi kwa zaidi ya miaka miwili. Vitu alivionyesha kwa kidole akapewa majina yake, lakini mwokozi hutamwonyesha kwa kidole. Usiku mmoja, wakiota moto, mwanamume aitwaye Kikuvi alieleza jinsi Krieger alivyoshambuliwa na simba na jinsi yeye mwenyewe alivyomwokoa. Katika kulisimulia tukio hilo Kikuvi alitumia kitenzi ambacho Hotchkiss alikuwa akikisaka muda wote huo. Neno hilo lilikuwa midomoni mwa watu tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni kusikiliza.

Scott mwenyewe hakutulia Nzaui. Kabla mwaka haujaisha, vituo vingine vitatu vilikuwa vimefunguliwa, navyo ni Sakai, Kilungu na Kangundo. Ripoti yake ya kwanza ilieleza habari za nyumba zilizokamilika, shule na tiba zilizoanza na lugha iliyokuwa ikieleweka kidogo kidogo. Inasemekana katika kipindi hicho alisafiri maili 2,600, karibu kilomita 4,200, sehemu kubwa kwa miguu. Ukigawanya kwa siku 358, ni takriban kilomita 12 kwa siku, kila siku, bila Jumapili wala Krismasi.

Hapo ndipo ninapomlaumu. Mtu aliyemzika nduguye Kongo, na ambaye naye alinusurika homa hiyo hiyo, alifahamu fika nchi hii ilivyoweza kumwua mgeni asiyepumzika. Wakati huo hakuna aliyejua kwa hakika jinsi malaria inavyoenezwa. Ronald Ross aligundua kule India mwaka wa 1897 kwamba ugonjwa huo huhusiana na mbu, na Scott alikuwa tayari kaburini. Lakini haja ya kupumzika haikuhitaji hadubini. Alikuwa na haraka ya kufika Ziwa Chad ambako hakukaribia hata kidogo.

Mwaka huo wa 1896 wazazi wake walikuja kuungana naye pamoja na dada yake mdogo, Ina. Baba na mama waliomkataza asiende kuimba waliuacha mji wa Philadelphia wakaja kuishi katika nyumba ya udongo Ukambani. Sijui wasomaji wangapi wangewafuata watoto wao namna hiyo.

Novemba homa ilimpata tena, akaendelea kutembea. Iligeuka kuwa ile homa kali inayoandamana na malaria, ambayo huharibu damu na kuufanya mkojo kuwa mweusi, na ambayo wakati huo iliua wengi. Mama yake alikuwa kando ya kitanda. Desemba 4 Peter Scott alikata roho, akazikwa Nzaui.

Kilichofuata kilikaribia kuizima kazi yote. Baadhi ya waliobaki walikufa, wengine walijiuzulu na kurudi kwao. Kisha ikaja njaa kuu ya 1898 hadi 1900, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye. Mvua ilikosekana, mifugo ilikuwa imefyekwa na sotoka, na ndui ikawafuata waliodhoofika. Watu walianguka njiani wakielekea kutafuta chakula. Katika mwaka wa 1899 AIM ilifikia kubakiwa na mmishenari mmoja tu katika nchi hii.

Hotchkiss baadaye alihamia kwa Waquaker, na mwaka wa 1902 alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya. AIM yenyewe ilinusuriwa na Charles Hurlburt, mwenyekiti wake wa Philadelphia, aliyekuja na familia yake na mwaka wa 1903 kuyahamishia makao makuu Kijabe, penye hewa baridi na reli karibu. Hapo ndipo Rais wa zamani wa Marekani Theodore Roosevelt alipoweka jiwe la msingi la shule ya watoto wa wamishenari mwaka wa 1909, na hapo ndipo hospitali ya Kijabe ilipokulia.

Si kila kilichotoka kwenye mbegu hiyo kiliwafurahisha Wakamba. Vizazi vya wamishenari vilivyomfuata Scott vilipiga vita ngoma, pombe ya wazee na ndoa za wake wengi, na waumini wakajikuta wakitengwa ama na kanisa ama na ukoo. Vilevile shirika hilo lilijikokota katika elimu ya juu likihofia kwamba masomo mengi yangeua imani, na Wakamba wengi waliotaka watoto wao wasome zaidi walilalamika. Uongozi wa kanisa nao ulichelewa kukabidhiwa wenyeji. Africa Inland Church ilipata jina lake mwaka wa 1943, lakini ilisubiri hadi 1971 kabla ya misheni kuikabidhi mali na mamlaka yote.

Chuo cha theolojia kilipofunguliwa Machakos mwaka wa 1962, kilipewa jina la mtu ambaye hakuwa na shahada, hakuandika kitabu, na kibao chake cha shule mara nyingi hakikuwa na mtoto wa kukitazama. Mwaka wa 1997 chuo hicho kilipewa hati ya serikali. Kutoka hapo hadi Nzaui, ambako jabali la nyayo bado linaonekana kutoka mbali, sasa ni safari ya saa chache kwa matatu.